Futi Shingoni

Malipo ya korosho, mnada wa tatu,
yaliingia Masasi siku ya Alhamisi,
na hadi Jumamosi nilikuwa na vitenge kumi na tisa vya kukata
na wanaume wawili waliokuja kulipa madeni ya mwaka juzi.
Saa nane nikafunika cherehani.
Nikavuka barabara ya Mkuti, futi ingali shingoni,
kama daktari aliyesahau kazini kile chombo cha kusikilizia moyo,
akatoka nacho hadi sokoni.

Kwa Ausi Nantumbo, fundi redio,
magitaa mawili ya umeme yananing'inia juu ya feni mbovu.
Moja refu, jeusi, linang'aa kama gari la harusi.
La pili fupi, rangi ya chai ya maziwa,
limebanduka begani, kikazio kimoja si chake.
"Chukua hili," akasema Ausi, akishusha jeusi.
"Lile pale la watoto."

Sikumjibu. Nikavua futi.

Miaka sita nimepiga gitaa la kaka yangu Bosko,
mtu wa viganja kama majembe,
aliyeweza kuitandaza mikono shingo nzima
huku anamtazama msichana wa safu ya mbele.
Alipokufa nikalivaa kama lilivyo.
Koti la marehemu hupunguzwa:
unafumua mabega, unaingiza pindo ndani,
hakuna atakayejua.
Lakini shingo ya mninga haifumuliwi.
Nikajifumua mimi.
Kidole kidogo kikavutwa mpaka kikasahau njia ya kurudi.
Kifundo cha mkono kikaanza kulia usiku
kama bawaba ya mlango wa jikoni.
Na kila Jumapili kwayani, ubeti wa tatu,
nikawa naruka kodi ya F,
mkwepa kodi mbele ya altare,
mzigo wangu nikimtupia mpiga kinanda.
Mungu, nadhani, alilisikia pengo.

Nikapima jeusi, toka kizingiti cha mfupa hadi darajani:
inchi ishirini na tano na nusu.
Lile la chai: ishirini na mbili na nusu.
Inchi tatu.
Anayesema inchi tatu si kitu
hajawahi kukosea kiuno cha bibi harusi.

Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikalipakata.
Kiwiko kilijua pa kukaa.
Bega halikupanda kusalimia sikio.
Ausi akachomeka waya kwenye spika yake ya kiraka.
Nyuzi laini, zimelegea kidogo;
ule mnene nikiupiga kwa nguvu unakwaruza vyuma
kama pindo refu kwenye changarawe.
(Naliandika hili nisije nikajidanganya:
fupi lina kasoro zake.
Ukilijia na hasira, linapoteza sauti.)
"Funga nyuzi nene zaidi," akasema Ausi,
sasa taratibu. "Namba kumi na moja. Litakaza."
Alikuwa ameacha kuuza. Alikuwa anasikiliza.

Nikaweka F.
Kidole cha shahada kikalala juu ya nyuzi zote sita,
wenzake wakafuata, hata yule mdogo,
akichechemea.
Ikaita yote. Hakuna uzi bubu.

"La watoto?"
"La mtu," akasema. "Ila bei ni ileile."
Tukavutana mpaka adhana ya alasiri:
laki mbili na themanini,
na suruali zake mbili nitazipunguza bure.

La Bosko nimelitundika ukutani
kati ya karatasi za kukatia mashati.
Wateja huuliza kama linauzwa.
Nawapima mikono kwa macho.
Bado.